Jina Nililoliruka

Mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi aliniamini, nami nikamfanyia hiana. Alitaja jina la mtu aliyewaongoza vijana waliomchukua mumewe, akitegemea kwamba nitalifikisha kwa mtafiti aliyekaa mbele yetu na daftari lake. Sikulifikisha. Ilikuwa mwaka 2016, katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na mkalimani nilikuwa mimi. Sikusahau, wala sikusikia vibaya. Mimi ni Muha, na Kirundi kwangu hakina pa kujificha. Niliamua tu.

Nataka kueleza nilifikaje kwenye uamuzi ule, maana hoja zilizonifikisha pale bado zimo midomoni mwa watu, na siku hizi nazisikia tena, safari hii zikihusu nchi yangu.

Nimezaliwa Ujiji na nimefundisha Historia shule za sekondari mkoani Kigoma. Baraza letu la kahawa lilizifuatilia kesi za Kenya tangu mwanzo. Luis Moreno Ocampo, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), alipotaja majina ya Wakenya sita mwezi Desemba 2010 kwa ghasia za baada ya uchaguzi, tulibishana hadi muuza kahawa akafunga vikombe vyake akaondoka. Mimi nilikuwa na upande. Nilisema ICC imejengwa kwa ajili ya Waafrika, na kweli wakati ule kila nchi iliyokuwa chini ya uchunguzi wake rasmi ilikuwa ya Afrika. Nilisema Marekani si mwanachama, China si mwanachama. Uhuru Kenyatta na William Ruto waliposhinda uchaguzi wa Machi 2013 wakiwa washtakiwa, nilifurahi kana kwamba aliyepigiwa kura ni mimi. Oktoba mwaka huo wakuu wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakataka rais aliye madarakani asifikishwe mahakamani; nilikata ukurasa wa gazeti nikauhifadhi. Kesi ya Kenyatta ikaondolewa Desemba 2014. Ya Ruto na mtangazaji Joshua Sang ikasitishwa Aprili 2016. Nikawauliza wenzangu: mmeona?

Kuna mambo niliyoyajua nikayameza. Nilijua kwamba zaidi ya watu 1,100 waliuawa Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nilijua kwamba wabunge wa Kenya wenyewe waliukataa muswada wa kuunda mahakama maalumu ya nyumbani, Februari 2009, na ndipo Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi, alipomkabidhi Ocampo bahasha ya majina iliyotokana na Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia zile. Nilijua pia kuwa mashahidi walikuwa wakijitoa mmoja baada ya mwingine, na kwamba kesi ya Ruto iliposimama, mmoja wa majaji alieleza wazi kuwa mashahidi walikuwa wameingiliwa. Barazani sikuyasema hayo. Kwangu mimi, mashahidi kunyamaza kulionyesha kuwa tangu mwanzo hawakuwa na la kusema. Nilikuwa nimefunga hesabu.

Na haya nilikuwa nikiyasema huku Kagunga imekwisha kupita mbele ya macho yangu.

Msomaji asiyeijua Kagunga aelewe kwamba ni kijiji cha ufukweni, juu kabisa kaskazini, kimebanwa kati ya milima na ziwa, mpakani na Burundi. Ukitoka Kigoma mjini unapanda boti Kibirizi, unaipita Gombe, ndipo unafika. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kesho yake Bujumbura ikaingia mitaani. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumpindua, jaribio likashindwa, na kisasi kikafuata. Wiki zile makumi ya maelfu ya watu walijazana kwenye ule ukanda wa mchanga wa Kagunga. Walikunywa maji ya ziwa, wakajisaidia palepale walipolala. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 30. Liemba, meli ambayo sisi wa Kigoma tumezoea kuiona ikibeba dagaa na mahindi, ikawa inaleta watu 600 hivi kwa safari, wakipandishwa kwa mitumbwi kutoka ufukweni maana gati hakuna. Walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu.

Nilikwenda uwanjani pale na majirani. Tulipeleka uji, sabuni, kanga kuukuu. Watoto walikuwa wamelala kwenye majani ya uwanja, mchana kweupe, hata kelele za magari hazikuwaamsha. Niliyaona hayo, nikarudi barazani, na hoja yangu sikuibadilisha hata kidogo. Sikuyaunganisha. Siasa ya ICC niliiweka upande mmoja, uji upande mwingine.

Mwaka uliofuata ndipo nikapata kazi ya kutafsiri, wakati wa likizo ya shule, kwa watu waliokuwa wakikusanya maelezo ya wakimbizi. Tulikaa chini ya turubai, viti vitatu vya plastiki. Mama yule alikuwa anatoka kusini mwa Burundi, kando ya ziwa kama sisi. Alieleza kwa mpangilio, bila kulia. Vijana wa chama tawala walikuja usiku wakamchukua mume wake, ambaye kosa lake lilikuwa kuonekana kwenye mkutano wa upinzani. Hakurudi tena. Akafungua pindo la kitenge, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na ndani yake karangamuntu ya mumewe, kitambulisho cha Kirundi, picha imeanza kufutika pembeni.

Mtafiti akauliza kama aliwatambua waliokuja. Akajibu kwamba kiongozi wao alimtambua. Akataja majina yake yote mawili na kilima anachotoka, akaongeza kuwa dada wa kijana yule alisoma naye darasa moja.

Mimi nikamwambia mtafiti kwa Kiingereza: anasema walikuwa vijana wa chama, ilikuwa usiku, hakuwaona vizuri.

Kalamu iliandika mstari mmoja ikasimama. Mama yule Kiingereza hakukijua, ila aliuona mkono ule haukuandika urefu wa alichokisema. Akalitaja tena lile jina, polepole, silabi kwa silabi, kama mwalimu anayesoma imla. Mtafiti akanigeukia. Nikasema anasisitiza tu kwamba walikuwa vijana. Mama akaniangalia mimi, si mtafiti, kwa muda. Kisha akafunga fundo la mfuko wake.

Kwa muda nilijiambia kuwa nilimlinda. Mpaka uko karibu, watu wa Nkurunziza walisemekana kuingia na kutoka kambini, na jina likivuja, mama anaweza kudhurika. Hatari ilikuwepo kweli, lakini wakati ule haikunipitia kichwani. Ningekuwa na hofu juu yake ningemwambia yeye, kwa lugha yake, nimwachie achague. Sikumwambia. Nilichowaza, na nakumbuka waziwazi, ni kwamba jina hili litasafiri hadi The Hague, wazungu wapate rais mwingine wa Kiafrika wa kumburuza, wakati mzee wetu, rais mstaafu Benjamin Mkapa, amekabidhiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kazi ya kuwapatanisha Warundi. Acha wazee wamalize. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na mama yule alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, akiwa ndiye mwenye msiba.

Mazungumzo yale ya Mkapa hayakufika popote. Duru ya mwisho, mwaka 2018, serikali ya Burundi haikuhudhuria.

Kabla ya hapo palitokea lililonivunja. Burundi ilikuwa imepeleka taarifa ya kujitoa ICC tarehe 27 Oktoba 2016, na kwa Mkataba wa Roma ulioianzisha mahakama hiyo, kujitoa kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja. Barazani nilikwisha kusema kuwa habari hiyo imekwisha. Tarehe 25 Oktoba 2017, zikiwa zimebaki siku mbili, majaji waliidhinisha uchunguzi kwa siri, wakautangaza tarehe 9 Novemba. Uchunguzi ulihusu yaliyotendeka kuanzia tarehe 26 Aprili 2015, pamoja na yale yaliyotendwa na Warundi nje ya mipaka ya nchi yao. Waliandika kuwa watu wasiopungua 1,200 walidaiwa kuuawa na zaidi ya 400,000 kuyakimbia makazi yao. Niliisoma habari ile kwenye simu, nimesimama Mwanga sokoni, na nikajua kwamba mume wa yule mama huenda yumo ndani ya ile 1,200. Aliyemchukua hayumo popote, kwa sababu yangu.

Nilirudi kwenye vitabu vyangu, nikitafuta pa kushika. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, wa tarehe 28 Agosti 2000, nilikuwa nimeufundisha miaka kadhaa. Nilikuwa nawaeleza wanafunzi habari za Mwalimu Nyerere aliyeuanzisha upatanishi na Mandela aliyeumalizia, nikiutaja kama ushahidi kuwa Waafrika tunaweza kuyamaliza wenyewe. Itifaki yake ya kwanza, niliyokuwa nikiipita haraka kwa sababu haikuwa kwenye mtihani, inataka tume ya kimataifa ya uchunguzi wa kimahakama, na ikibainika kuna mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu, iundwe mahakama ya kimataifa. Walioitaka ni Warundi wenyewe waliokaa mezani, mbele ya wapatanishi wetu. Haikuundwa. Nkurunziza mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kifo mwaka 1998, hayupo mahakamani, kisha msamaha wa mapatano ukamfungulia njia ya Ikulu.

Kigoma imewapokea Warundi mwaka 1972, ikawapokea tena 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, ikawapokea tena 2015. Kila walipokuja walikuja na majina. Wazee wa Ujiji bado wanaweza kukusimulia waliyosikia kwa wakimbizi wa 1972, nani aliyechukuliwa, nani aliyekuja na lori. Majina yale hayakuandikwa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetumwa kuyaandika. Mwaka 2016 mtu alitumwa, daftari lilikuwepo, kalamu ilikuwepo, na katikati yake nilikaa mimi. Tangu madrasa, pale pale Ujiji, nilifundishwa kuwa kuficha ushahidi ni dhambi. Sikuhitaji shahada kulijua hilo.

Sijawa mshabiki wa ICC. Yale niliyoyasema juu ya mataifa makubwa kujiweka nje yake nayasema hadi leo, na upelelezi wake ni wa polepole mno: Burundi, miaka imepita baada ya ule uamuzi bila hati hata moja ya kukamatwa kutangazwa hadharani, na Nkurunziza akafariki Juni 2020 bila kuulizwa swali. Lakini hoja hizo ni zangu, na nilikuwa na haki ya kuzisema barazani usiku kucha. Sikuwa na haki ya kuzilipia kwa maneno ya mtu mwingine.

Baada ya uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba 2025 watu waliuawa katika miji ya Tanzania, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman; wengine walitaka ICC iingie, maana Tanzania iliuridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002. Kwenye baraza letu nawasikia vijana wakisema maneno yangu ya mwaka 2013, yaleyale, kwamba haya ni ya ndani, kwamba tukiwapa wageni majina tumeiuza nchi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha." Ni kweli. Ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kuendelea kumweleza Mungu peke yake.

Nilimtafuta yule mama mwaka 2018. Zamu za kurudi Burundi zilikuwa zimeanza, na majirani zake wa kambini walisema alipanda basi na wanawe. Nikamwandikia mtafiti, nikamweleza kila kitu. Nikalitafuta lile jina kichwani niliambatanishe. La kwanza ninalo. Ni jina la ubatizo ambalo kusini mwa Burundi wanaume wengi wanalo. La pili, alilolisoma kwa silabi ili lisipotee, limenitoka, na kila ninapodhani limerudi nagundua kuwa nimelibuni.

Mtafiti alijibu kwa kifupi. Aliuliza ni mahojiano gani mengine niliyoyabadilisha. Nikamjibu kuwa ni hilo tu, na nilikuwa nasema kweli, lakini hakuwa na namna ya kunisadiki, na mimi sikuwa na namna ya kumthibitishia. Maelezo yote yaliyopita mdomoni mwangu yakawekwa kando. Yalikuwa ya watu wengi, waliokaa kwenye kiti kile cha plastiki wakasema yote waliyoyaona, na nikayatafsiri kwa uaminifu neno kwa neno.