Vifuniko Vinne vya Mwembe Tayari

Anayetoka Mji wa Kale, akavuka Barabara ya Digo na kushika Barabara ya Jomo Kenyatta kuelekea Makupa, hachelewi kufika Mwembe Tayari. Hapa safari za bara na biashara za mjini zimekutana kwa muda mrefu. Soko halitulii, na maduka ya spea huuza kila kitu cha gari, hata vile vidogo ambavyo mtu havikumbuki mpaka vimpotee.

Vifuniko vya valvu ni miongoni mwa vitu hivyo. Ni kofia ndogo kama ncha ya kidole, zinazofunika mdomo wa kujazia tairi upepo. Gari la nyumbani kwetu lilivuliwa zote nne usiku mmoja, likiwa limeegeshwa mtaani. Asubuhi nikalipeleka Mwembe Tayari.

Huenda msomaji akauliza kitu kidogo hivi kina haja gani. Ni kweli kwamba upepo hushikwa na valvu ya ndani, wala si kifuniko. Lakini valvu ikiachwa wazi, mchanga na maji huingia, ikashindwa kujifunga sawasawa, na tairi likapungua upepo taratibu. Tairi pungufu hupata moto, na laweza kupasuka safarini, gari limejaa watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mchuuzi mmoja wa kando ya njia alinikunjulia kiganja: vifuniko vya chuma vinavyong'aa, vimechubuka, kila kimoja na sura yake.

"Mwanangu, hivi vimetoka wapi?"

"Mama, wewe chukua tu, nakupa kwa bei ya asubuhi."

Jibu hilo halikutaja duka wala aliyemuuzia. Nikamshukuru, nikapita.

Dukani nilitolewa vipya, vya plastiki nyeusi. Sikuhitaji kutaja aina ya gari, kwani valvu ya Schrader, iliyosajiliwa nchini Marekani mwaka 1893, ndiyo itumikayo katika karibu magari yote, na uzi wake ni wa kipimo kimoja. Mwenye duka alinishauri nisitamani vya chuma. Hewa ya chumvi ya pwani huvila, vikang'ang'ania valvu hata visifunguke. Na plastiki haimtamanishi mwizi.

Nje, fundi wa panchari alipaka povu la sabuni juu ya kila valvu. Tatu zilitulia, ya nne ikatoa viputo. Akabadilisha kipande chake cha ndani, akajaza upepo, ndipo akakaza vifuniko kwa vidole tu, bila koleo.

Wizi wa namna hii hudumu kwa kuwa kiganja kile hakikosi wanunuzi. Anayenunua humo huenda ananunua kofia za gari la jirani yake, na kesho jirani atakuja kununua za kwake. Mali ya wizi haiwi halali kwa udogo wake, wala kwa urahisi wa bei. Basi, dada na mama wasomaji, mwendapo Mwembe Tayari kwa haja kama hii, ulizeni kwanza asili ya kitu, kisha ndipo muulize bei.