Gari la Samadi

Kainam, kwenye vilima vya Mbulu nilikozaliwa, ng'ombe hulala ndani ya nyumba, na asubuhi samadi huzolewa kapu kwa kapu kupelekwa shambani. Ardhi ni finyu, mteremko ni mkali, na Wairaqw wa kule wameishi vizazi na vizazi kwa kuurudishia udongo kile walichouchukulia. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama. Shingo ilianza kumuuma nikiwa darasa la tano, na haikupona.

Mwaka 1981 niliingia karakana ya mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO huko Basotu, Hanang, kwanza kibarua, kisha fundi. Mitambo na wataalamu wengi walikuja kwa msaada wa Kanada. Nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, kabla ya kulimwa, nao walikwenda mahakamani kudai ardhi yao miaka hiyohiyo ambayo mimi nilikuwa nafunga nati za kombaini. Mshahara wa ngano ile ulisomesha wadogo zangu. Lakini kila nilipokutana na mzee akizungusha mifugo yake pembezoni mwa shamba, nilimwamkia na kushusha macho.

Shughuli zilipopungua nikaachishwa, nikahamia Dongobesh, hukohuko Mbulu, na mke wangu na ng'ombe saba. Mama tulimchukua. Siku ya tatu tu nikamkuta ameshika kapu. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kiinua mgongo changu kitafanya kazi iliyotajwa na jina lake.

Nilinunua chuma chakavu kwa kilo. Gia boksi na difu vilitoka kwenye Land Rover iliyopinduka. Ekseli ya mbele ilikuwa ya trekta, Massey Ferguson 135. Chesisi niliichomelea kwa chaneli za tela lililooza sakafu. Injini ilikuwa Lister ya silinda moja kutoka mashine ya kusaga, nguvu farasi 6. Watu sita tuliishusha kwenye lori, na mmoja alilala na mgongo siku mbili.

Vijana waliocheka injini ile ya kusaga unga hawakujua hesabu yake. Injini ya Land Rover huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Lister hii huzunguka mara 650. Ukiiunganisha na difu ileile, gia ya nne inakupa kama kilomita 20 kwa saa, na gia za chini zinakwenda mwendo wa mtu aliyebeba mzigo. Kwenye ua wenye watoto, kuku na ndama, huo ndio mwendo ninaoutaka. Tena zile flaiwili zake mbili nzito zikishapata kasi, gari halizimiki ovyo kwenye tope. Sikufunga klachi. Niliweka mkanda bapa kati ya injini na gia boksi, na rola ya mti wa mkrismasi. Ukikanyaga pedeli rola inaukaza mkanda, ukiachia unalegea na gari linasimama.

Jaribio la kwanza, Julai 1998, niliingiza gia ya kwanza mbele ya majirani wote. Gari likarudi nyuma, likabomoa ukuta wa zizi. Gia ya pili, nyuma. Ya tatu, nyuma. Rivasi ndiyo pekee iliyokwenda mbele. Niliifunga injini ikitazama kinyume, na hivyo mzunguko wote uligeuka. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha vijana karakana nzima kuangalia mzunguko kabla ya kukaza bolti. Tukaigeuza mbele nyuma, puli tukaihamishia flaiwili ya upande wa pili. Siku tatu zikaenda kwa kosa la dakika moja.

Usukani ulinitesa zaidi. Bushi za ekseli ya mbele zilikuwa zimekwisha, na fedha ya spea sikuwa nayo. Nikapanda lori nikarudi Hanang, kwa mhunzi mmoja wa Kidatoga niliyemfahamu tangu Basotu. Wahunzi wa jamii hiyo huyeyusha kufuli na mabomba mabovu ya shaba, wakasubu bangili na pete. Nilimkuta mbele ya moto, mwanawe akivuta mivukuto ya ngozi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unachotaka kitabeba mzigo, au kitapamba mkono?”

“Kitabeba mzigo.”

“Basi kitakuwa kinene. Kaa.”

Alinisubia vipande vinne. Mashine ya kukerezea sikuwa nayo, kwa hiyo nilivichonga kwa tupa usiku tano, nikipima kwa kuvaa na kuvua, kuvaa na kuvua. Aliyeondolewa malisho yake ili ngano ilimwe ndiye aliyenipa kitu kilichoshikilia magurudumu yangu, na hakunidai zaidi ya sukari na chai. Nililipa fedha pia. Hata hivyo naona deni lile halijaisha.

Gari lilifanya kazi miaka 11. Lilianza tukiwa Mkoa wa Arusha, na Manyara ilipoundwa mwaka 2002 lilikuwa kwenye ua uleule, likibeba samadi, mapipa ya maji, na magunia ya mahindi ya majirani. Bolti zililegea kila wiki kwa mtikisiko wa silinda moja, mpaka nikajifunza kufunga nati mbili mbili.

Siku ya kwanza lilipokwenda sawasawa, mama aliletewa kigoda akae karibu na zizi. Tulijaza kwa kapu lake lilelile, naye akihesabu kwa sauti. Arobaini na mbili. Akainuka, akalifuata gari hadi shambani ameshika ubao wa nyuma, akatazama tulivyomwaga. Kisha akakung'uta kapu lake tupu kwenye goti.

“Haya,” akaniambia, “rudi ukalete lingine kabla jua halijawa kali.”