Uzi Mweupe

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha kushona kilitimiza miaka kumi. Hatukufanya makubwa. Tulipika pilau, tukatandika mikeka barazani kwa mwenzetu hapa Mji Mpya, kisha tukayaanika kambani mablanketi ya viraka tuliyoshona pamoja tangu tuanze, moja baada ya jingine, huku milima ya Uluguru ikionekana kwa nyuma na ukungu bado umeikalia vilele. Wenzangu walikuwa wakipita wakishikashika, wakikumbushana kitenge hiki kilikuwa gauni la nani. Mimi nilikuwa nikilikwepa blanketi la tatu.

Tulilishona mwaka ule wa kwanza, waliponichagua kuwa mkaguzi kwa sababu nilikuwa nimesomea cherehani kidogo. Mabaki ya vitambaa tuliyapata kwa mafundi wa jirani na soko, viroba kwa viroba, na kila mwanachama alipewa vipande tisa akaviunganishe nyumbani kwa mkono. Kazi ya Bibi, ndivyo tunavyomwita sote, mzaliwa wa Matombo aliyeshuka mjini kuishi na binti yake, ilirudi imepindapinda. Mishono mirefu imechanganyika na mifupi, inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na kitenge cha njano kimevuka mpaka na kuingia kwa chekundu. Nikamwambia, "Ahsante Bibi, kazi nzuri." Usiku nikawasha taa, nikachukua wembe, nikafumua mshono wote, nikaanza upya kwa rula. Nilimaliza saa saba, nikalala nikiamini nimemsitiri.

Neno hilo, kumsitiri, nimeliegemea kwa miaka. Lakini kila nilipolitazama kwa utulivu lilinikimbia. Kama nilikuwa namsitiri yeye, mbona nilifanya gizani? Na kama mshono ulikuwa mbaya kiasi kile, mbona mdomo wangu ulisema ni mzuri? Huenda niliyekuwa nikimsitiri ni mimi mwenyewe, nisije nikaonekana mkaguzi aliyepitisha kazi mbovu. Sina hakika hata sasa.

Kuna siku nilikuwa nikimhimiza binti mmoja atumie rula, Bibi akasema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba mistari iliyonyooka ilimliza mama yake. Bibi alikuwa mtoto wakati wakoloni Waingereza walipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani, ili kuzuia mmomonyoko. Juu ya karatasi lilikuwa jambo jema. Lakini katika miteremko mingi ya kwao udongo mzuri ni wa juujuu tu. Ukichimba ngazi unaufukia, unabaki na ule wa chini usioota kitu. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Mwenzetu mmoja wa Mgeta akadakia, "Lakini Bibi, kwetu ngazi hizohizo ndizo zinazotulisha. Kabichi zote unazoziona sokoni zinatoka humo." Bibi akaitikia kwa kichwa. Wala hawakubishana. Mimi ndiye niliyeondoka pale na mabishano kifuani, kwa maana nilikuwa nimezoea kuamini kwamba jambo likiwa sahihi, ni sahihi kwenye kila mteremko.

Baadaye kijana wangu alinionyesha kwenye simu mablanketi yaitwayo kawandi, yanayoshonwa na wanawake wa jamii ya Wasidi huko Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika. Huanzia ukingoni wakazunguka kwa mkono mpaka katikati, viraka vikijipanga kadiri vinavyopatikana. Hutia pembeni vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, wanavyoviita maua, kwani pasipo hayo blanketi huhesabiwa liko uchi. Nilizikuza picha zile nikaitazama mishono yao kwa muda mrefu. Nilijiuliza ningefanya nini kama blanketi mojawapo lingeletwa kwangu nilikague. Jibu sikulipenda.

Basi Jumamosi, watu walipokuwa wakila, nilikwenda kukaa kando ya Bibi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote, wembe, taa, rula. Akaomba aletewe blanketi la tatu. Akalipapasa kwa vidole, kiraka kwa kiraka, mpaka akafika pale, akausugua mshono kwa kucha. "Mimi nilishonea uzi mweupe," akasema. "Huu ni mweusi. Nilijua siku ileile." Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu, "Nilidhani kazi za wote mnazifumua."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu mwaka ule Bibi hajachukua tena vipande vya kwenda navyo nyumbani. Huja kila wiki, hutukatia nyuzi, hutupigia pasi, hutuchekesha. Sote tulisema ni macho. Miaka tisa tulisema ni macho.

Simaanishi kwamba kazi isikaguliwe. Mishono mirefu ile ingeachia baada ya kufuliwa mara mbili tatu, na blanketi lilikusudiwa mtoto mchanga. Ila kati ya kunyamaza na kufumua gizani palikuwa na njia nyingine, ya kuvuta kigoda, kukaa ubavuni mwake na sindano yangu, na kumuuliza alitaka kile cha njano kiende wapi. Inawezekana angenionyesha kitu. Inawezekana tungekosana. Sasa sitajua.

Jana jioni nilimpelekea vipande tisa na kigurudumu cha uzi mweupe. Alivipokea, akaviweka chini ya mto wake. Hakusema kama atavishona, nami sikuuliza.