Uvuvi wa Ndagala na Sheria ya Mwezi

Tukisema mila, watu wengi hufikiri ngoma, mahari na matanga. Lakini kwetu Uvira, chini ya milima ya Mitumba, iko mila nyingine juu ya maji, nayo ni uvuvi wa ndagala. Tumeona vema kuiandika hapa, kwa sababu watoto tunaowafundisha wanakula ndagala kila siku bila kujua ni desturi gani iliyowalinda samaki hao.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1470. Basi mtu angedhani kwamba samaki hawawezi kuisha. Sivyo. Maji ya chini hayana hewa, kwa hiyo samaki wanaishi katika sehemu ya juu tu. Na ndagala mwenyewe, maisha yake hayapiti sana mwaka mmoja. Ukimvua angali mtoto, umevua na wale ambao angewazaa.

Wazee walivua kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu, huku moto wa kuni ukiwaka mtumbwini ili kuwavuta samaki. Toka miaka ya 1950 zikaenea taa za mafuta, na mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, wavu ukishushwa katikati. Leo tunaona ampuli na batri. Vyombo vimebadilika, mwezi haukubadilika. Ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauna nguvu, samaki wanatawanyika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mvuvi hubaki nyumbani, anashona nyavu, anaziba mtumbwi, anakaa na watoto. Ziwa nalo linapumua.

Jambo hilo tulilielewa vizuri zaidi Alhamisi tarehe 12 Julai 2018. Shule zilikuwa zimefungwa, na sisi walimu watatu tuliomba kwenda na timu moja ya wavuvi wa Kalundu. Kiongozi wao alikuwa muzee mwenye mvi. Kati ya watu wake alikuwamo papa wa mwanafunzi wetu mmoja, msichana aliyekuwa aingie mwaka wa sita. Deni la minervale yake ya mwaka uliopita lilikuwa halijaisha. Sisi tulilijua, na yeye alijua kwamba tunalijua.

Tuliondoka jua likizama. Mwezi haukuwako kabisa. Vijana walibishana juu ya mpira, maana jana yake Kroatia ilikuwa imeitoa Uingereza katika Kombe la Dunia. Taa zilipowashwa, muzee alisema: "Sasa munyamaze kidogo, tuko kwa kazi." Ng'ambo tuliona taa za Bujumbura, ndogo kama makaa yanayotaka kuzimika. Wavu ulishuka mita 70 hivi. Baada ya saa nyingi tulisaidia kuvuta, na mikono yetu iliyozoea chaki ikachubuka. Beseni moja na nusu tu. Mara ya pili, beseni moja. Mara ya tatu, ndagala wa kuhesabu na mikeke minne. Kisha upepo wa kusini ukaanza, ukatusukuma mpaka karibu na mlango wa mto Mulongwe.

Kulikuwa kunapambazuka. Pale maji yalikuwa yanachezacheza kama mvua inanyesha. Walikuwa samaki wadogo, wengi ajabu. Kijana mmoja akasema: "Muzee, tutupe nyavu hata mara moja tu. Tutarudi bule namna hii?"

Muzee hakukasirika. "Hapana, mwanangu. Ile ni batoto. Tukibamaliza leo, mwaka unaokuja tutavua nini?"

Kijana akamgeukia papa wa mwanafunzi wetu, kama kumwomba aseme neno. Kweli, yeye alikuwa na sababu kuliko sisi wote. Alitazama maji muda mrefu. Kiisha akainama, akavuta kamba ya motere, tukageuza kwenda Kalundu.

Ufukoni walifanya mgao: sehemu ya mwenye mtumbwi, sehemu ya mafuta, kiisha wavuvi. Lakini kabla ya kuhesabu chochote, muzee alichota sahani ya mama mmoja ambaye mume wake alizama ziwani, na ya watoto waliosaidia kuvuta mtumbwi. Tulidhani siku mbaya kama ile desturi hiyo ingesahauliwa. Hata kidogo. Mwishowe wakakusanya pesa za likelemba yao. Zamu ilikuwa ya muzee. Akasema: "Mumupe papa wa mtoto. Mimi nitangoja." Mwezi wa tisa yule binti alikuwa darasani.

Hapo ndipo tulipoona kwamba desturi ya kuwaacha samaki wadogo haisimami peke yake. Mtu mwenye deni na njaa hawezi kumwacha samaki anayemwona kwa macho, kama hana wenzake wa kumbeba. Wanaovuta vyandarua vya mbu kando ya pwani si wote wapumbavu. Wengine hawana likelemba.

Leo jambo hili ni kubwa kuliko pwani moja. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba ziwa linapata joto, na maji ya chini hayapandi tena vizuri kuleta chakula cha samaki. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulilinda. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukitaja mambo hayo ufukoni, watu wanauliza: "Miezi tatu tutakula nini?" Swali hilo ni la haki. Mwezi wa wazee ulifunga ziwa siku chache tu, na hata siku hizo chache zilihitaji jirani mwema. Miezi mitatu itahitaji likelemba kubwa zaidi, na serikali nayo itoe fungu lake.

Kwa hiyo, walimu wenzetu na wazazi, tusiwaambie watoto tu kwamba wazee waliheshimu ziwa. Tuwaonyeshe pia namna walivyosaidiana ili waweze kuliheshimu. Akiba haiozi, ndivyo tunavyosema. Lakini akiba ya ziwa italindwa na mvuvi anayejua kwamba, akirudi mikono mitupu, watoto wake hawatalala njaa.