Sahani ya mwalimu pale Manyoni

Kila familia inayopita mara kwa mara barabara ya Dodoma kwenda Singida ina mahali pake pa kula. Wapo wanaovumilia njaa hadi Singida mjini, kwa imani kwamba kuku wa Singida huliwa Singida. Wapo wanaoendelea na safari ya Mwanza na kusubiri Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi. Na wapo wasioweza kupita Manyoni bila kushuka.

Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Singida mjini, ni wa kundi hilo la mwisho. Kwa zaidi ya miaka 20, basi likisimama Manyoni na kondakta akitangaza dakika 15 za kula na kuchimba dawa, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni. Hakumuuliza mtu chakula kiko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la bati lenye mabenchi matatu.

Banda hilo halina jina wala kibao. Lina majiko mawili ya mkaa, ndoo ya maji yenye koki, kipande cha sabuni, na masufuria yanayofunuliwa mbele ya mteja. Chakula ni ugali wa mtama, mlenda, na kuku wa kienyeji. Kuku huyo huchemshwa taratibu tangu alfajiri, maana nyama yake haitaki haraka. Akishalainika huungwa kwa vitunguu na mafuta ya alizeti, vitu viwili ambavyo Singida inasifika navyo kama inavyosifika kwa kuku.

Watoto wanne wa mwalimu wamekulia kwenye mabenchi hayo. Kila mmoja alipokuwa anapelekwa shule ya bweni kwa mara ya kwanza, mlo wa kuagana ulikuwa pale. Firigisi, ambayo nyumbani ilikuwa ya baba na haikujadiliwa, siku hiyo aliihamishia kwenye sahani ya mtoto anayeondoka. Hakusema kitu. Aliihamisha tu kwa vidole, akaendelea kula.

Orodha ya makatazo

Miaka miwili iliyopita mwalimu aligundulika kuwa na kisukari. Binti yake mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyelibeba jambo hilo. Alimtafutia kliniki, akamnunulia viatu vya kufunika vidole, akaandika kwenye karatasi vitu vyote ambavyo baba asiviguse. Soda ilikuwa ya kwanza. Zilifuata chapati, maandazi, vya kukaanga na chumvi nyingi. Mwisho kabisa aliongeza sharti lake mwenyewe: baba asile njiani.

Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa. Shangazi yake, dada wa mwalimu, alikatwa mguu baada ya kidonda kidogo cha kidoleni kukataa kupona, na binti huyo ndiye aliyemuuguza. Kila alipomfikiria baba yake kwenye benchi la Manyoni, aliuona mguu wa shangazi.

Mwalimu alikubali. Safari tatu mfululizo za kwenda na kurudi kliniki, basi liliposimama Manyoni, alibaki kwenye kiti na kuvuta pazia la dirisha. Njaa aliweza kuivumilia. Kilichomshinda ni aibu. Hakujua atamwambiaje mama aliyempikia miaka yote hiyo kwamba chakula chake sasa kimepigwa marufuku. Akaona bora ajifiche.

Mke wake aliyaona mabadiliko mapema. Mwalimu alianza kukataa mialiko ya harusi. Kwenye vikao vya ukoo alikaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya chakula. Nyumbani alikula peke yake, kidogo, akitazama sahani kana kwamba inamsubiri akosee. Aliyezoea kuwachekesha watu mezani alianza kuikimbia meza.

Nusu chupa ya soda

Safari ya nne ilikuwa siku ya kupimwa. Mwalimu alifika kliniki asubuhi bila kula, kama alivyoagizwa, na foleni ilikuwa ndefu. Alipomaliza, alimeza vidonge vyake vya kushusha sukari. Vidonge hivyo alitakiwa avimeze pamoja na chakula. Lakini basi la Singida lilikuwa karibu kuondoka, na sharti la kutokula njiani lilikuwa kichwani. Akanywa maji, akapanda.

Walipomaliza kupanda mlima Saranda, shati lake lilikuwa limelowa jasho na mikono ilikuwa inatetemeka. Manyoni abiria walishuka wote, yeye akabaki nyuma ya pazia lake. Kijana aliyekaa kiti cha nyuma alimwambia kondakta kwamba mzee amelewa.

Mama wa banda alikuwa amekwishaliona basi hilo. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameona pazia likivutwa, na siku hiyo aliamua kupanda ndani kuuliza kosa lake.

"Shikamoo mwalimu. Leo nimekukamata," alisema.

Mwalimu alijibu kitu kisichoeleweka. Mama alimshika mkono, akaukuta wa baridi na umelowa. Mume wake mwenyewe anaishi na kisukari, na hali hiyo ameiona zaidi ya mara moja. Alimuuliza kama anaweza kumeza, mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mama akashuka mbio, akarudi na soda, akamnywesha taratibu nusu chupa. Ilikuwa ni soda, iliyoongoza orodha ya makatazo.

Dakika 15 zilikuwa zimeisha. Abiria wawili walianza kulalamika na kondakta akagonga bodi ya basi. Dereva alitazama kilichokuwa kinaendelea, akazima injini. "Tunamsubiri mzee," alisema.

Robo saa baadaye mwalimu alikuwa anajua yuko wapi. Alishushwa hadi kwenye benchi, akala ugali na kuku, kwa sababu soda huinua sukari kwa muda mfupi tu na chakula ndicho kinachoishikilia. Wakati anakula, mama alichukua simu yake na kumpigia binti.

"Umempa soda baba yangu?" binti alipiga kelele.

"Soda ndiyo iliyomrudisha, mwanangu," mama alijibu. "Uje tuzungumze."

Mazungumzo kwenye benchi

Jumamosi iliyofuata binti alipanda basi kutoka Dodoma akiwa na karatasi yake mkobani. Njia nzima alikuwa akiandaa maneno makali. Alipofika, mama alimkaribisha, akamnawisha, akamwekea sahani. Juu ya mlenda palikuwa na firigisi.

Maneno makali hayakutoka.

Mama hakujitetea. Alifunua masufuria yote, akaonyesha kinachoingia ndani. Na hapo yalijitokeza mambo ambayo hata yeye hakuyajua. Kwa miezi ile ya mwanzo, kabla mwalimu hajaanza kujificha, alikuwa akimtilia asali kwenye chai badala ya sukari. Alikuwa amesikia kwa mume wa jirani kwamba asali ni dawa. Katika mkoa wenye asali nzuri kama ya Manyoni na Itigi, imani hiyo ina wafuasi wengi. Ukweli ni kwamba asali nayo ni sukari, na hupandisha sukari ya damu kama kawaida. Binti alimweleza, mama akashika kinywa.

Binti naye alikuwa na la kujifunza. Aliamini ugali wa mtama hauna tatizo kwa sababu ni chakula cha asili, na kwamba tatizo liko kwenye chakula cha barabarani tu. Mama alimkumbusha maneno aliyoelezwa na muuguzi wa mume wake: mtama una nyuzinyuzi zinazosaidia, lakini ugali wake bado ni wanga, na kinachoamua ni ukubwa wa tonge zima lililoko kwenye sahani. Kuhusu barabarani, alimuuliza swali moja. "Kule nyumbani nani anapima chumvi?"

Walikubaliana pale pale. Nusu ya sahani iwe mlenda na mboga nyingine za majani. Robo iwe kuku, bila ngozi. Robo iwe ugali usiozidi ngumi ya mwalimu mwenyewe. Mchuzi wake utengwe kabla ya chumvi ya mwisho kuingia, na ndimu iwekwe pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Mama alikitazama kijiko hicho kwa muda, kisha akalitazama sufuria lake. Alisema sasa anaelewa kwa nini wateja wake wengi wana presha.

Kabla ya kuagiza

Familia yenye mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu haihitaji kuacha kula nje. Inahitaji kuchagua mahali. Pazuri ni pale ambapo jiko linaonekana, chakula kinapakuliwa kikiwa cha moto, maji ya kunawa yanatiririka na sabuni ipo. Pazuri zaidi ni pale ambapo mpishi akiulizwa swali hanuni.

Mpishi huyo aambiwe ukweli. Hakuna mama lishe anayeweza kupunguza chumvi kwa mteja anayejificha nyuma ya pazia.

Anayetumia vidonge vya kushusha sukari au insulini asiruke mlo bila kuelekezwa kliniki, na muda wa dawa na chakula siku ya safari aupange na mhudumu wake wa afya mapema. Mfukoni awe na kitu chenye sukari. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka, na mara nyingi watu hudhani ni pombe. Akiwa anaweza kumeza, apewe nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Kama baada ya dakika 15 hajapata nafuu, arudiwe kupewa. Akipata nafuu, ale. Akiwa amepoteza fahamu, asiwekewe kitu chochote mdomoni. Akimbizwe kituo cha afya.

Na orodha ya makatazo peke yake haimtunzi mtu. Mwalimu alijua vyote alivyokatazwa. Hakuna aliyekaa naye kumwambia ale nini, wapi, na saa ngapi.

Kopo la chumvi

Karatasi ya binti bado ipo, lakini mstari wa mwisho umekatwa kwa kalamu. Chini yake mwalimu mwenyewe ameandika, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Manyoni, ruksa."

Hajawa mgonjwa mtiifu. Anaulalamikia mlo wake kila safari. Anasema ngumi yake imesinyaa tangu astaafu, kwa hiyo wampimie ugali kwa ngumi ya dereva. Mwezi uliopita alipokwenda kliniki, muuguzi alimwambia sukari yake imetulia kuliko ilivyokuwa mwaka jana, ila presha bado inahitaji kuangaliwa.

Habari hizo alimpelekea mama wa banda siku hiyo hiyo. Basi lilisimama, kondakta akatangaza dakika zake 15, na mwalimu akawa wa kwanza mlangoni. Alinawa, akakaa, akaeleza yote kuhusu sukari. Kuhusu presha hakusema kitu. Mkono wake ulikuwa umeanza kusogea kwenye kopo la chumvi.

Mama alilichukua kopo, akalipeleka benchi la tatu.

"Binti yako amekwishanipigia simu, mwalimu," alisema. "Tumia ndimu."