Kabla ya kutoa pesa, gusa kapo

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini – Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Ndani mlikuwa na dola 9400. Zilikuwa pesa za familia 34 zilizokimbia vita upande wa Kanyabayonga katikati ya mwaka 2024. Wengine wamepanga vyumba hapa Butembo, wengine wanakaa kwa ndugu. Kwa karibu miaka miwili walitia kitu kila Jumamosi: faida ya maharagwe sokoni, malipo ya kubeba matofali, bei ya mbuzi wa mwisho. Familia moja ilitia pesa ya ng'ombe wawili iliotembea nao kwa miguu hadi Lubero.

Walikubaliana kununua bisi ya okazyo, ibebe watu kati ya Butembo na Beni, safari ya kilomita kama 54. Faida ingesaidia kulipa shule na nyumba. Aliyechaguliwa kwenda kuangalia gari ni mweka hazina wao, mama wa watoto watano. Hajawahi kuendesha hata pikipiki.

Lakini bisi anaijua kwa namna yake. Wakati wa kukimbia, waliyopanda iliishiwa mazuti, wakalala ndani siku tatu kando ya barabara, watoto juu ya viti, masufuria chini ya viti, mvua ikivuja kwenye paa. Siku ya tatu, mtoto wa dada yake alifungua mlango ili ashuke. Mlango ulikuwa upande wa kushoto, upande wa katikati ya barabara. Pikipiki iliyokuwa inapita ikamvunja mguu. Alipona, ila bado anachechemea.

Mama huyo hakwenda peke yake. Aliomba mzee mmoja wa kundi lao amsindikize, shofere wa zamani aliyeendesha malori miaka mingi. Wakaenda kwa mwenye kuuza magari. Ua wake ulikuwa na magari kumi na mawili yamepangwa vizuri, na bisi nyeupe ikang'aa mbele ya yote. Bei yake dola 9000.

«Hii imetoka Japani moja kwa moja, Mama. Kilomita 98 000 tu. Ingia usikie kiti», patro alisema.

Mama aliingia. Viti vilikuwa vipya, vilinukia manukato. Mzee hakuingia. Aliweka kiganja juu ya kapo, akakiacha hapo kidogo, kisha akauliza: «Patro, gari imetoka wapi asubuhi hii?»

«Haijatoka. Tangu jana iko hapa.»

«Basi mbona ina joto?»

Patro alicheka, akasema kijana wake aliiwasha ili iwe tayari kwa wateja. Mzee akajibu kwa upole kwamba watarudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, na wataomba wakute imelala. Motere iliyopashwa moto huwaka vizuri hata kama imechoka. Iliyolala usiku kucha ndiyo inasema ukweli.

Mama alisema njiani kwamba aliona haya. Patro aliwapa viti na soda, nao wanamjibu kama wanamshuku wizi. Mzee alimwambia: «Binti yangu, soda ni franka ngapi? Na sanduku ni dola ngapi?»

Kesho yake ilinyesha. Walifika kabla ya kijana wa zamu kunawa uso. Kapo ilikuwa baridi. Mzee alifungua kifuniko cha mafuta ya motere na kukiangalia kwa ndani: kama kungekuwa na povu jeupe kama maziwa, maji yangekuwa yanaingia kwenye mafuta. Halikuwepo. Akaomba gari iwashwe huku yeye amesimama nyuma. Moshi ulitoka wa bluu, haukuisha hata baada ya dakika tano. Moshi mweusi, alimweleza Mama, mara nyingi ni mazuti yasiyoungua vizuri, na fundi anaweza kutengeneza bila gharama kubwa. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radiyateri yanayoungua. Wa bluu ni mafuta ya motere yenyewe yanaungua, na motere ya namna hiyo huomba mafuta kila wiki mpaka siku itakapofunguliwa yote.

Kisha mvua ikawasaidia. Kijana aliwasha vipanguzi vya kioo. Vilifuta sehemu kubwa ya kioo, lakini kona ya kushoto, mbele ya shofere, ilibaki na maji. Mzee alimwita Mama aone. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo volanti ya magari yao iko kulia. Kongo tunaendesha upande wa kulia. Mtu alikuwa ameihamisha volanti kutoka kulia kwenda kushoto, akasahau vipanguzi. Mzee alilala chini kwenye tope, juu ya kipande cha gunia, akamulika kwa tochi ya simu. Pale mashine ya volanti ilipofungwa, kulikuwa na chuma kilichochomelewa kwa haraka na kupakwa rangi nyeusi juu.

«Kwenye mteremko, ikiwa imejaa watu, kile chuma kikiachia, shofere anabaki ameshika duara tu mkononi», alisema alipoinuka.

Mama aliuliza swali lake moja tu. Alizunguka gari, akasimama mbele ya mlango wa abiria. Ulikuwa kushoto.

«Patro, watu wangu watashukia wapi?»

«Mama, bisi nyingi hapa ziko hivyo. Watu wamezoea.»

«Mtoto wetu mmoja hakuzoea.»

Patro aliacha kucheka. Akashusha bei hadi 8300, akaongeza kwamba kuna mteja kutoka Beni anakuja saa nne, na yeye hawezi kumfungia mlango. Mama aliaga kwa heshima, akaondoka.

Jumamosi hiyo mkutano ulikuwa mgumu. Baadhi ya wanaume walisema bei ya 8300 ilikuwa zawadi, na kwamba mwanamke ameogopa gari kwa sababu haijui. Baba mmoja, yule wa ng'ombe wawili, alisimama akadai sehemu yake irudishwe. Mama hakubishana. Aliweka funguo yake juu ya meza, akawaomba wachague mwingine. Hapakuwa na aliyeichukua. Mzee akaeleza moshi, vipanguzi na chuma, neno kwa neno, kisha akamuuliza yule baba kama angempandisha mke wake ndani ya bisi ile. Baba alikaa chini. Wiki ile hakutia pesa, lakini sehemu yake hakuichukua.

Ilipita miezi miwili. Bei ya nyumba haikusubiri, na familia mbili zilijitoa.

Bisi ya pili haikung'aa. Rangi yake ilikuwa imefifia, viti viwili vimepasuka, na kontere ilisoma kilomita 312 000. Mwenye kuuza alikuwa mfanyabiashara aliyeitumia mwenyewe kubeba mizigo. Ilijengwa kwa ajili ya nchi za Ghuba, ambako nako huendesha upande wa kulia kama hapa. Volanti ilikuwa kushoto tangu kiwandani, mlango wa abiria kulia. Iliingia kama nyingi zinavyoingia: meli hadi Mombasa, barabara kupitia Uganda, mpaka wa Kasindi.

Walifika alfajiri, kapo ikiwa baridi. Ilikohoa mara mbili, ikawaka, moshi ukaisha. Mzee alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango na pembeni; ikashika kote, isipokuwa juu ya gurudumu moja la nyuma, palipokuwa na mastiki. Mwenye gari akakubali kwamba iligongwa pale na lori, akaonyesha. Walivuta mikanda ya viti hadi mwisho kutafuta alama ya tope, kwa sababu gari iliyozama kwenye mafuriko huoshwa nje na kunuka manukato ndani, lakini mwisho wa mkanda huwa unasahaulika. Ilikuwa safi. Kwenye matairi walisoma tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ya mbele yote mawili yalikuwa na zaidi ya miaka minane, yamepasukapasuka pembeni.

Halafu Mzee aliiendesha mwenyewe, akiwa na watu kumi ndani, kwa sababu bisi tupu hupanda mlima wowote. Alipanda, akashuka, akajaribu freni, akaachia volanti kidogo kwenye sehemu iliyonyooka aone kama inavuta upande. Waliporudi alitazama chini, mahali iliposimama usiku. Palikuwa na tone moja la mafuta. Akaliandika.

Makaratasi yalichukua siku mbili. Namba iliyopigwa kwenye chuma cha shasi ililinganishwa na karte roze na karatasi za forodha za DGDA, herufi kwa herufi, Mama akisoma kwa sauti na mwanafunzi mmoja wa sekondari akifuata kwa kidole. Jina la mwenye kuuza lililinganishwa na kadi yake ya mpiga kura. Walidai 8500, wakapatana 8200 kwa sababu ya matairi na mastiki. Nusu ililipwa siku ya kutia saini mbele ya mashahidi wanne, nusu nyingine baada ya karte roze kubadilishwa jina.

Zilibaki dola 1200. Hapo ndipo wengi wakaelewa kwa nini Mama alikataa tangu mwanzo kutafuta gari inayomaliza sanduku. Matairi mawili, mafuta, filta, asiransi na gharama za makaratasi vilikula karibu zote.

Kwa familia nyingine zinazoweka pesa pamoja, Mzee anasema hivi: nendeni wawili au watatu, ongozaneni na fundi ambaye halipwi na mwenye kuuza, na mkiambiwa mteja mwingine yuko njiani, mwacheni apite. Fundi wa kuangalia gari asubuhi moja si ghali kama motere.

Bisi sasa inatoka saa kumi na mbili asubuhi barabara ikiwa salama. Baba wa ng'ombe wawili ndiye anayepokea nauli. Yule mtoto anayechechemea aliipanda juzi kwenda Beni na shangazi yake, akashukia upande wa nyasi.

Jumamosi iliyopita sanduku lilifunguliwa tena mbele ya watu wote. Mlikuwa na dola 410. Wamekubaliana ziwe za matairi ya nyuma.