Jaketi la Theluji na Swali la Mwanachuo

Nilipokuwa masomoni Norway nilijaribu mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zifungwazo miguuni. Nilianguka mara nyingi, na kupanda kilima kulinitoa jasho jingi. Hata hivyo jioni shati langu lilikuwa karibu kavu. Jaketi langu lilizuia maji ya nje na kuuachia mvuke wa jasho utoke.

Niliporudi kufundisha chuoni, nililichukua jaketi hilo katika somo la maji na mvuke. Niliwaeleza wanachuo kwamba ndani ya kitambaa mna utando wa plastiki iitwayo PTFE, ile ipakwayo vikaangoni ili chakula kisigande. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aliivuta kwa ghafla ikiwa moto, ikatanuka na kujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Nikahitimisha: tone ni kubwa, halipiti, mvuke ni mdogo, unapita. Wakanakili.

Mwanachuo mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, tone na mvuke si molekuli zile zile? Mbona tone lisijigawe, likapita kidogo kidogo?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri, nilimwamuru aketi asiwapotezee wenzake muda. Kwa wiki mbili hakuuliza neno. Huyu alikuwa mwalimu wa kesho, nami nilikuwa nimemfundisha namna ya kumnyamazisha mtoto.

Nilirudi darasani na chujio la chai la waya, nililolichovya katika nta iliyoyeyuka na kulikung'uta ili matundu yabaki wazi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kisha nikamkabidhi kazi. Alimimina maji polepole. Yakatuama bila kuvuja. Alipougusa waya kwa kidole upande wa chini, yakavuja. Akalikausha chujio, akaliweka juu ya kikombe cha maji ya uvuguvugu na kushika kioo baridi juu yake. Kioo kikaingia ukungu.

Tukatafakari pamoja. Nta hailowani, wala utando ule haulowani. Kwa hiyo uso wa maji hujikaza mfano wa ngozi, usiingie tunduni mpaka usukumwe kwa nguvu. Mvuke hauna uso wa kujikaza, kwani molekuli zake zimetengana. Nao hutoka penye mvuke mwingi, yaani ndani ya jaketi mwenye joto na jasho, kuelekea hewa baridi yenye mvuke haba.

"Basi Tanga wakati wa masika halitafaa sana," akasema mwanachuo yule. Naam, ndivyo hasa: huko hewa ya nje nayo imejaa mvuke.

Wenzangu walimu, maelezo yangu ya kwanza yalinakiliwa vizuri na hayakueleweka. Swali nililolizima ndilo lililokuwa somo lenyewe. Tangu siku ile, nikiulizwa nisilolijua, husema mbele ya darasa: "Sijui, tutafute chujio."